Kibuyu cha Kumurudisha Octave

Katika Songo ya zamani, mutaa wetu wa Uvira kando ya ziwa, muchezaji wa mupira hakuandikishwa, aliombwa. Vijana wa leo wakija kuniuliza habari za ndugu yangu Octave, wanataka kujua alifunga magoli mangapi. Hakufunga. Kazi yake ilikuwa kuzuia. Na maisha yake hayaeleweki kama hujajua kwanza namna ekipe yetu, ndiyo timu, ilivyokuwa inamuchukua muntu kwao, na namna ilivyokuwa inamurudisha.

Minye ni Pétronille, dada yake mukubwa. Yeye aliniita yaya. Masomo yangu yaliishia kwa Masista, darasa la pili. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu, na anayetaka kunisahihisha aje nyumbani, kiti iko.

Ekipe iliitwa Mukeke, kwa jina la yule samaki mutamu wa ziwa letu. Aliyeianzisha ni Baba Mathieu, mwenye mitumbwi ya ndagala, na karibu wachezaji wote walikuwa wavuvi wake. Ndiyo sababu mupira wetu ulifuata mwezi. Ndagala, wale samaki wadogo, wanavuliwa kwa taa kwenye giza. Mwezi ukiwa mukubwa, taa haina kazi, mitumbwi inapandishwa juu ya muchanga, na wanaume wanakaa nyumbani wakichokoza wake zao. Siku hizo za mbalamwezi ndizo zilikuwa siku za mechi. Ekipe za bonde la Ruzizi, watu wa mashamba, walilalamika kwamba tunawachagulia siku. Baba Mathieu aliwajibu: “Mukagombane na mwezi, si na minye.”

Octave alipokuwa kijana wa kuanza kunyoa ndevu, Baba Mathieu alimuona akicheza pale ufukoni, akamutaka. Mama yetu, Apollinarie, alikataa. Baba alikwisha kufa, na Octave ndiye aliyetulisha. Baba Mathieu akaenda, akarudi na kibuyu cha kasikisi, pombe ya ndizi, kimefungwa jani la mugomba kwenye mudomo, na mirija miwili imechomekwa juu. Hivyo ndivyo muntu alivyokwenda kuomba binti.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaacha kucheka.

“Baba Mathieu,” akasema, “umekuja kama muntu wa kuomba binti. Basi mambo yafuate njia ya binti. Kila mwaka mukimutaka, muje mumuombe upya, na mirija miwili, wangu na wenu, tunywe pamoja. Siku mutakapomuchoka, musimuache njiani kama kikapu kilichotoboka. Mumulete mpaka kwa mulango huu, na pombe vilevile, lakini na murija mumoja. Nitakunywa peke yangu, na nyinyi mutasimama. Kibuyu kikiisha, mutoto ni wangu. Kama hakijaisha, angali wenu.”

“Mama, uko mukali kuliko muzungu wa posta,” Baba Mathieu akasema. Lakini alikunywa.

Neno lile lilimupendeza. Tangu mwaka ule alilifanya kwa wachezaji wote wa Mukeke, na mama zao walilipenda zaidi yake. Mirija miwili: tunamuomba. Murija mumoja: tunamurudisha. Mutoto wa Songo alijua hayo kabla hajajua kuhesabu.

Octave alikuwa murefu, mupole, muntu wa maneno machache. Akishona nyavu alizivuta kwa kidole cha muguu, na kidole kile kilikuwa kimepinda kama ndoana. Aliogopa mbuzi, hatukujua kwa nini. Kiwanjani walimuita Nanga, kwa sababu mutumbwi wenye nanga hauendi na maji. Hakupiga watu, hakuvuta nguo za watu. Alisimama tu pale ambapo ulitaka kupita, na ukibadilisha njia ulimukuta pale pia.

Mwezi ule wa uhuru wa Kongo, mwaka wa sitini, ekipe moja ya Usumbura, ndivyo Bujumbura ilivyoitwa, ilivuka kuja kucheza na sisi. Muji wote ulikuwa kiwanjani, na bendera mupya, na ngoma. Walikuwa na kijana mumoja wa mbio anaitwa Nzeyimana, amevaa viatu vilivyotoka Ulaya.

“Wewe murefu,” Nzeyimana akamwambia Octave kabla ya filimbi, “leo utakula vumbi yangu.”

“Nimetoka kula ndagala,” Octave akajibu. “Nimeshiba.”

Watu walicheka mpaka kwenye miti. Na Nzeyimana hakupita, kuanzia filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Baadaye nilimuona ameketi na Octave kwenye majani, viatu vyake mukononi, anamuuliza: “Kwa nini hukunipiga hata mara moja? Wenzako wote wangenipiga.” Octave akasema: “Ungeanguka, muchezo ungesimama. Na minye nilikuwa nasikia utamu.”

Huyo ndiye Octave. Nilitaka mumuone kwanza hivyo.

Vita ya Mulele, ndivyo tunaiita mpaka leo, ilitukuta mwaka wa sitini na ine. Waasi wake waliteremuka kupitia bondeni, halafu wakaja askari wa serikali, na kila aliyekuja aliwauliza watu walikuwa upande gani. Sisi tulikuwa upande wa ndagala. Tulikimbilia milimani, juu ya Uvira, na mvua inanyesha. Mama alikuwa hawezi tena kutembea, Octave akamubeba mugongoni. Mahali palipokuwa na utelezi aliteleza. Nilikuwa nyuma yake, niliona. Angeweza kuanguka kiubavu, mama akapigwa na mawe. Alipeleka goti mbele, goti likapokea jiwe, na mama hakugusa chini. Akainuka, akaendelea kupanda. Kesho yake goti lilikuwa kama boga.

Huko juu tulimuzika Léocadie, muke wake, aliyekufa kwa homa. Walikuwa hawajapata mutoto.

Tuliporudi, nyumba haikuwa na paa, na mutumbwi wetu ulikuwa umechomwa. Baba Mathieu hakurudi kabisa. Hakuna anayejua alipoangukia. Mama alikaa muda kidogo, naye akafa. Kabla ya kwenda alinionyesha mukeka wake wa kupokelea vibuyu pale mulangoni. “Octave akiombwa, akirudishwa, utaketi weye,” akasema. Hakuacha kitu kingine. Minye nikaketi.

Octave alishona nyavu za watu, mugongo kwenye ukuta, hasemi na muntu. Chakula ukimupa anakula, usipomupa haombi. Lakini mwezi ukikua, alikuwa anainuka. Alipaka goti mafuta ya mawese, akalifunga kwa kipande cha mupira wa baiskeli, akaenda kiwanjani, hata wakati ambapo hapakuwa na ekipe, askari tu wanalala kivulini. Alizunguka kiwanja kizima polepole, akarudi. Siku hiyo alikuwa anaongea kidogo. Anasema majani yameota, au fulani amefunga ng’ombe pale. Minye niliyekaa naye nilijua: ukimuondolea muntu huyu kiwanja, hukumuachia kitu cha kumuamusha.

Ekipe ilianza tena mwaka wa sitini na sita. Musimamizi mupya, wote walimuita Presida, alikuwa Evariste, karani wa bandari ya Kalundu. Ni mutoto wa Songo, aliwahi kucheza pembeni ya Octave, ingawa alikuwa amehamia Kimanga, mutaa mwingine. Cyprien, muchezaji wa zamani, alifundisha. Walimuomba mumoja mumoja kila kijana, mirija miwili, vigelegele kila mutaa. Kwetu hawakuja.

Siku moja komite, wakubwa wa ekipe, walikaa kwenye baraza ya Evariste, kule Kimanga. Minye niliuza ndagala mbele ya baraza hiyo. Sikujificha, kikapu changu kilikuwa pale kabla yao.

“Goti la Octave limekufa,” Cyprien akasema. “Nisiseme uongo. Nilimuona juzi anageuka: anaanza kugeuka leo, anamaliza kesho. Pierre iko, kijana ana miguu kama swala. Tukimuacha nje mwaka mwingine, ekipe ya Kiliba watamuchukua.”

Sévère, aliyekuwa kipa, akajibu: “Pierre ana miguu, lakini iko kiziwi. Ukimuita haji. Octave akiwa mbele yangu, minye ninalala usingizi.”

“Ndiyo sababu walitufunga!”

“Walitufunga kabla ya vita, na ni weye ulipoteza mupira, Cyprien. Usinianze.”

Evariste akasema: “Shida si mupira. Kama ni mupira, jibu liko wazi. Shida ni kwamba alicheza kwa ajili yetu miaka yote, na goti hakuliharibu kiwanjani. Aliliharibu kwa kumubeba mama yake. Nitamwambiaje muntu: umemubeba mama, basi toka?”

“Hatumwambii toka,” Cyprien akasema. “Tunamurudisha kwao vizuri, na heshima yake, kama Baba Mathieu alivyotufundisha. Ukimuweka kwa huruma, watu wa Kalundu watamucheka mbele ya macho yake. Hiyo ndiyo heshima?”

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli. Sikumupenda Cyprien kwa ajili ya hilo. Nilifunika ndagala zangu nikaenda.

Nyumbani nilimukuta Octave na nyavu yake.

“Wanakuja kukurudisha,” nikamwambia.

“Ninajua, yaya.”

“Na weye unataka nini?”

Alivuta uzi kwa kidole kile kilichopinda.

“Nataka siku ya mupira muntu akinitafuta, anikute kiwanjani,” akasema. “Basi.”

Walikuja Jumapili iliyofuata, alasiri. Niliwaona kutoka mbali: Evariste na shati nyeupe, Cyprien, Sévère, na Pierre amebeba kibuyu kichwani. Walikuwa wamemupitia Octave ufukoni, naye alitembea katikati yao, macho chini, kama binti anayerudishwa kwao. Majirani walitoka. Hakuna aliyepiga vigelegele. Walijua ni safari gani. Nilitandika mukeka wa mama, nikaketi. Nilikuwa nimejiambia sitakunywa. Wangesimama pale mpaka wachoke, na kama wangelala wamesimama, walale.

Evariste akatoa kofia. “Mama Pétronille, tumekuja na ndugu yako. Tulipewa yeye hapa, kwa mulango huu. Alitufanyia kazi ambayo…” Akamupa Pierre ishara. Pierre akaweka kibuyu mbele yangu, akafungua jani la mugomba lililokifunika chote mpaka juu.

Mirija ilikuwa miwili.

Cyprien akainama kuihesabu. Munaelewa kilichotokea: kibuyu kilikuwa kimetayarishwa na Concilie, muke wa Evariste. Tangu ekipe irudi, Concilie alikuwa amefunga vibuyu vya kuomba tu. Cha kurudisha hakufunga hata kimoja. Wachezaji wetu wa zamani, vita iliwarudisha yenyewe. Akachomeka miwili, akafunika na jani, na wanaume hawakufunua njiani.

Nilichomoa mumoja nikaufuta na kitambaa changu. Nikamupa Evariste.

“Kunywa, Presida.”

“Mama, hapana. Ni kosa, Concilie alisahau…”

“Kosa liko wapi? Minye naona miwili. Majirani, munaona mingapi?”

“Miwili!” akajibu jirani yangu Libérate, na huyo mwanamuke sauti yake ilifika Burundi.

“Weye Evariste, kwa marehemu mama yako uliombwa na mirija mingapi? Au kule Kimanga munahesabu namna ingine?”

“Usinywe, Presida!” Cyprien akanong’ona. “Tutarudi kesho na mumoja.”

“Kesho ni kesho,” nikasema. “Kibuyu kiko hapa leo, kimefunguliwa mbele ya watu.”

Evariste alitazama murija, halafu akamutazama Octave. Octave alikuwa ameinua macho. Hakuomba kitu; alikuwa anatazama tu, kama anavyotazama muntu mwenye mupira anayekuja. Evariste angeweza kuondoka. Ni karani, alikuwa na karatasi za ligi ambapo mirija haikuandikwa. Lakini alikuwa mutoto wa Songo kabla ya kuwa karani. Akapiga magoti, akaingiza murija ndani ya kibuyu, akakunywa. Nami nikakunywa. Libérate akapiga vigelegele, na mutaa wote ukaitikia. Octave akaketi chini ghafula pale alipokuwa, muguu mubovu umenyooka mbele.

Baadaye nilimukuta Concilie sokoni, nikamuuliza kama alisahau kweli. Alipanga nyanya zake kwanza. “Mama,” akasema, “nilichukua mumoja, niliuona uko peke yake sana.” Sikuuliza tena.

Basi Octave alicheza. Sitaki kuwadanganya. Mechi ya kwanza, na Kalundu, kijana mumoja mufupi alimupita kama muntu anapita muti. Watu wa Kalundu wakapiga kelele: “Nanga, kamba imekatika! Muzee, rudi ukashone nyavu!” Tulishindwa. Niliwajibu wale watu wa Kalundu maneno ambayo sitayaandika hapa. Mechi iliyofuata alisimama vizuri, Sévère alilala usingizi wake, tukashinda. Halafu vibaya tena. Alipotoka kiwanjani niliweka maji ya moto kwenye goti, na goti lilikuwa linapiga chini ya mukono wangu kama moyo. Hakulalamika. Aliongea, alikula, aliniuliza habari za soko. Nikasema ndani yangu: nilifanya vema. Ningali nasema hivyo.

Pierre alikuja siku moja nyumbani. Hakumutaka Octave, alinitaka minye. Alisimama mbali kidogo na mukeka, mikono nyuma.

“Mama, nina neno.”

“Sema, masikio iko.”

“Baba Octave ninamuheshimu. Lakini minye mama yangu alikufa kule milimani. Nikizeeka, kwetu hakuna wa kuniketia kwenye mukeka. Hii miguu ndiyo saa yake. Nicheze lini?”

“Ngoja,” nikamwambia.

“Ninangoja, mama. Kila mwezi ninangoja pembeni ya musitari.”

Akaenda. Nilipogeuka, Octave alikuwa nyuma ya ukuta, na nyavu mukononi. Alisikia yote. Tangu siku ile nilimuona anamuita Pierre jioni ufukoni, wanasimama kwenye muchanga, anamwonyesha kwa mukono: hapa, halafu hapa. Pierre, yule kiziwi wa Sévère, anasikiliza.

Mechi ya mwisho ya musimu ilikuwa na ekipe ya Kiliba, watu wa kiwanda cha sukari, wenye nguvu. Siku zile hapakuwa na kubadilisha wachezaji. Aliyeingia ndiye aliyemaliza, hata akiumia. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza tu, Octave alipogeuka, na minye nilisikia goti likilia kutoka pale nilipoketi. Labda sikusikia. Labda niliona uso wake nikadhani nimesikia. Walitaka kumutoa, tubaki kumi. Alikataa. Alisimama karibu na goli kwa muguu mumoja, kama korongo kwenye majani ya ziwa.

Kiliba waliona. Kila mupira wakaupeleka upande wake. Na Pierre, ambaye hakuwa na ruhusa ya kuingia, akaanza kukimbia nje ya musitari, sambamba naye, akipiga kelele: “Baba, kushoto! Baba, nyuma yako! Acha huyo, chukua yule!” Octave hakugeuka tena kutazama. Alifuata sauti. Pierre aliona, Octave alisimama mahali alipoambiwa. Mara nyingi Kiliba walimukuta pale, wakashangaa. Mara moja hawakumukuta. Tulishindwa kwa goli hilo moja.

Watu waliondoka. Octave aliketi kwenye majani, Pierre akamufungua ule mupira wa baiskeli gotini. Nilikuwa nakuja kwao, nikamusikia Octave anasema: “Leo tulikuwa wawili kwenye nafasi moja.” Pierre alikuwa analia, kijana mukubwa vile.

Mwezi ulikufa, ukaota mwingine. Goti lilipokubali kutembea, Octave akachukua fimbo akatoka asubuhi, hakuniambia anakwenda wapi. Alasiri nikasikia watu. Nikatoka. Walikuwa wanakuja ekipe nzima, Evariste, Cyprien, Sévère, vijana wote, na mbele yao Octave mwenyewe, amebeba kibuyu. Hakikufunikwa na jani. Alitaka nione kutoka mbali.

Murija ulikuwa mumoja.

“Nani amekutuma?” nikamuuliza.

“Hakuna, yaya. Nilikwenda minye mwenyewe kwa Mama Concilie.”

“Alikubali?”

“Alikataa. Nilichomoa wa pili minye mwenyewe.”

“Minye pia ninakataa. Murudi nacho.”

Evariste akasema, “Mama, sisi hatukumufukuza. Hata Cyprien alimwambia angoje.” Cyprien akatazama viatu vyake.

“Yaya,” Octave akasema, “mara ile mulisema nyinyi. Evariste alisema, Cyprien alisema, weye ulisema kuliko wote. Ulinipa mwaka mumoja, nimeutumia wote, haukubaki hata kidogo. Leo ninasema minye. Ketia mukeka.”

“Na siku ya mupira, muntu akikutafuta?”

“Atanikuta kiwanjani. Nitakuwa nje ya musitari. Pierre naye anahitaji muntu wa kupiga kelele.”

Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya kwangu, si yake. Nikatandika mukeka, nikaketi. Akaweka kibuyu mbele yangu, akarudi kusimama katikati ya wenzake, kama inavyotakiwa.

Munakumbuka neno la mama: kama kibuyu hakijaisha, angali wao. Basi nilikunywa taratibu. Nilinyonya kidogo, nikaweka murija chini. Nikamuuliza Sévère hali ya watoto wake, mumoja mumoja, kwa majina. Nikanyonya. Nikamuuliza Cyprien kama bado anakumbuka ule mupira alioupoteza kabla ya vita, akasema anakumbuka, nikamwambia aueleze vizuri, akaueleza amesimama, na vijana wakacheka. Nikanyonya. Kila muntu nilimupa neno juu ya Octave, aseme kitu alichomuona akifanya. Evariste alisema habari ya Nzeyimana na vumbi. Wengine walisema mambo ambayo hata minye sikuyajua. Jua likaingia nyuma ya milima, ziwa likawa jeusi upande wa Burundi, na bado walikuwa wamesimama, wanabadilisha miguu.

“Yaya,” Octave akasema, “goti.”

“Goti lako lilingoja kwa Kiliba, litangoja kwa dada yako.”

Hapo alicheka. Tangu tumuzike Léocadie nilikuwa sijamusikia akicheka hivyo, na meno yote nje. Nikachukua murija mara ya mwisho, nikaulaza juu ya mukeka.

“Octave, ingia ndani,” nikasema.

Walidhani kimeisha. Sikusema kimeisha. Nilisema ingia ndani. Waliinamisha vichwa, wakamushika mukono mumoja mumoja, Pierre wa mwisho, na Octave akavuka mulango wetu. Kibuyu nilikitia chini ya kitanda changu, na ndani yake kulikuwa bado na kidogo, kiasi cha kufunika kidole.

Octave aliishi miaka mingi baadaye. Siku za mbalamwezi alikuwa nje ya musitari na fimbo yake, sauti yake ilipotea kwa kupiga kelele, na Pierre akawa Nanga wa pili. Octave alipokufa, Evariste alikuja, naye sasa muzee, akaniuliza kwa heshima kama familia itaruhusu ekipe kumubeba, kwa sababu walikwisha kumurudisha kwetu, na hawakutaka kujipa haki isiyo yao.

Nikaingia chumbani, nikatoka na kibuyu. Nikamwambia atie mukono. Akatia, kidole kikagusa mashapo ya pombe iliyokauka, imeganda kama gamba. Alinitazama sana, yule karani.

“Mama Pétronille,” akasema. “Hukumaliza.”

“Sikumaliza. Iliyobaki ilikaushwa na miaka.”

Akawaita vijana wake, wakamubeba muchezaji wao.